Pumzi Hurudi Kabla ya Miguu

Wiki ya kwanza ya kurejea mbio ni nadra kumwumiza mtu. Mkimbiaji aliyekaa miezi miwili bila mazoezi anatoka alfajiri, anakimbia kidogo, anahema, anatembea, anarudi nyumbani amechoka lakini mzima. Wiki ya pili anajisikia afadhali. Hatari inaingia wiki ya tatu, siku ile anapoona pumzi imetulia, miguu myepesi, na saa ya mkononi inamwonyesha kasi ambayo hajaiona tangu alipoacha. Papo hapo anaongeza kilomita. Jumamosi anaungana na wenzake wa klabu na kwenda nao bega kwa bega. Wiki ya nne au ya tano anachechemea: muundi unauma, au kano ya kisigino imevimba, na mapumziko yaliyokuwa ya miezi miwili yanakuwa ya miezi mitano.

Nimewaona wakimbiaji wengi wakipita njia hiyo, na inanisikitisha kwa sababu maumivu yao yangeweza kuepukwa. Kosa lao si uvivu. Mara nyingi ni watu wenye bidii kuliko wengine. Kinachowaponza ni kuamini kwamba pumzi ikirudi, mwili mzima umerudi. Sivyo. Damu na moyo vinawahi kurejea, misuli inafuata, kano na mifupa vinakuja mwisho kabisa. Mkimbiaji anayelijua hilo anajua lini ajizuie hata kama anajisikia vizuri, na kujizuia huko ndiko kazi ngumu kuliko zote katika safari ya kurudi.

Tuangalie kwanza nini kinapotea mtu anapoacha. Anayekimbia mara kwa mara huwa na majimaji mengi zaidi katika damu yake, hivyo kila pigo moja la moyo husukuma damu ya kutosha. Akiacha, majimaji hayo huanza kupungua ndani ya siku chache tu. Moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Ndiyo maana kilima ulichokuwa ukikipanda huku unaongea kinakukata pumzi baada ya wiki mbili au tatu za kukaa. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Edward Coyle na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti juu ya wanamichezo waliokuwa wamefanya mazoezi mazito kwa miaka mingi, kisha wakaacha kabisa. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika siku 21 za mwanzo. Kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16, ukatulia hapo. Lakini mishipa midogo sana ya damu ndani ya misuli yao, ile iliyojengwa kwa miaka, haikupungua.

Kwa mtu aliyekimbia miaka mitatu au minne na sasa amekaa miezi miwili, takwimu hizo ni faraja. Hajarudi sifuri. Msingi upo, na majimaji ya damu hurudi upesi, ndani ya wiki moja au mbili za kukimbia taratibu. Ila upesi huo ndio unaomdanganya. Mfupa wenyewe hujijenga upya kwa miezi, si kwa siku, na katika wiki za mwanzo za mzigo mpya hupitia kipindi ambacho sehemu za zamani zimeshaondolewa na mpya hazijakomaa. Kano nayo ina damu kidogo, kwa hiyo hubadilika polepole. Ukizidisha kasi katika kipindi hicho, moyo utakuruhusu na muundi utakataa.

Kuna jambo jingine la kumwambia anayesoma haya akiwa bado hajaacha, ila anaona siku za kuacha zinakaribia: masika yanaanza, kazi zinaelemea mwisho wa mwaka wa fedha, au Ramadhani iko mlangoni. Utafiti mwingine wa Marekani, wa Robert Hickson na mwenzake, uliochapishwa mwaka 1981, ulionyesha kwamba watu waliopunguza mazoezi kutoka siku sita kwa wiki hadi siku mbili walihifadhi uwezo wao kwa wiki 15, mradi tu siku hizo mbili hawakulegeza ukali wa mazoezi. Mkimbiaji wa Unguja au Mombasa anayefunga anaweza kukimbia dakika 25 zinazoishia karibu na adhana ya magharibi, ili maji na tende zimkute mara tu anapomaliza, au akatoka baada ya tarawehe mwili ukiwa umeshapata maji. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Baada ya Idi hatakuwa anarudi, atakuwa anaendelea.

Kwa aliyekwisha kuacha, swali la kwanza ni kwa nini aliacha, maana kurudi baada ya malaria si sawa na kurudi baada ya likizo.

Malaria nataka kuisemea kwa kirefu, kwa sababu vitabu vingi vya mbio vimeandikwa na watu ambao hawaijui. Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu za damu, nazo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Dawa mseto humezwa kwa siku tatu, homa inakatika, mtu anaanza kula, na wengi hudhani wamepona na kuvaa raba. Vimelea vimekufa, ndiyo, lakini damu iliyopotea haijarudi. Mwili huchukua wiki kadhaa kuijaza tena. Katika muda huo mkimbiaji anahema kwa kazi ndogo, mapigo ya moyo yanapaa, kichwa kinakuwa chepesi akipanda ngazi, naye anajilaumu kwamba amekuwa mzembe. Huo si uzembe. Maliza dozi yote, kisha subiri angalau wiki nzima isiyo na homa kabla ya kukimbia hata kidogo. Ukipita kituo cha afya, omba upimwe wingi wa damu. Ni kipimo cha kawaida, na kitakuambia ukweli ambao saa ya mkononi haiwezi kuujua. Ikiwa damu iko chini, tembea, kula, lala, na usiguse mazoezi ya kasi mpaka mtoa huduma aseme imepanda. Maini, nyama, maharage, dagaa na mboga za majani husaidia, na chungwa au ndimu pamoja na mlo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga. Chai ya rangi au ya maziwa hufanya kinyume: inazuia madini hayo. Inywe saa moja au mbili baada ya kula, si pamoja na chakula.

Kwa homa yoyote ile, hata ya mafua, sheria ni moja: hakuna kukimbia mpaka homa iishe. Kukimbiza mwili wenye homa kunaweza kuhatarisha moyo.

Aliyeacha kwa sababu ya jeraha ajipime kabla ya hatua ya kwanza. Atembee kwa haraka dakika 40 siku tatu tofauti bila maumivu wakati wa kutembea wala asubuhi inayofuata. Kisha aruke kwa mguu ulioumia, mguu mmoja, mara 20. Akiweza bila kukunja uso, anaweza kuanza. Asipoweza, bado.

Mama aliyejifungua anahitaji subira zaidi, na familia inayomwelewa. Wataalamu wa mazoezi ya tiba kwa wanawake wanashauri kungoja angalau miezi mitatu kabla ya kukimbia, na kama alijifungua kwa upasuaji pengine zaidi. Kabla ya hapo kuna kutembea, na kuna kazi ya kukaza misuli ya nyonga na tumbo. Mkojo ukivuja wakati wa kukimbia, au ukihisi uzito kama kitu kinashuka, simama na umwone mtaalamu. Hilo linatibika, wala si aibu ya kuficha. Na kwa mama anayeogopa kwamba kasi yake imekwisha, yupo Faith Kipyegon wa Kenya. Alijifungua mtoto wake wa kike mwaka 2018. Mwaka 2019 alichukua medali ya fedha ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia Doha, mwaka 2021 akatwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo, na mwaka 2023 akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 49.11. Miaka miwili baadaye akaishusha tena hadi 3:48.68. Kasi yake kubwa kuliko zote aliipata akiwa tayari ni mama.

Sasa tuingie barabarani. Nitatumia mfano wa mkimbiaji wa kawaida wa Dar es Salaam ambaye zamani alimaliza kilomita 10 kwa dakika 50, na sasa amekaa miezi miwili. Aliyekaa chini ya siku kumi hahitaji mpango wowote, aendelee tu taratibu siku chache. Aliyekaa wiki mbili hadi nne aanze na nusu ya alichokuwa akifanya. Aliyezidisha miezi sita ajihesabu kama mtu mpya, na wiki mbili za mwanzo zake ziwe za kutembea.

Mkimbiaji wetu atoke siku tatu kwa wiki, kila siku ya kukimbia ikifuatwa na siku isiyo ya kukimbia. Atembee dakika tano kupasha mwili moto, kisha akimbie dakika tatu na kutembea mbili, arudie mara tano, amalizie kwa kutembea. Apime kwa dakika, asipime kwa kilomita. Kilomita humfanya mtu akumbuke alivyokuwa, na kumbukumbu hiyo humsukuma. Wiki ya pili akimbie dakika tano na kutembea moja. Mwisho wa wiki ya tatu aweze kwenda dakika 25 hadi 30 mfululizo.

Kasi ya mbio hizi iwe ya mchakamchaka. Kila aliyepita shule ya msingi Tanzania, au Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), anaijua: mnakimbia mkiimba, mmoja anaanzisha, wote mnaitikia, na hakuna anayebaki nyuma kwa kukosa pumzi. Kama ukiwa peke yako barabarani huwezi kuimba kiitikio kizima bila kukikata katikati, umekwenda mbio mno, punguza. Kwa mkimbiaji wetu aliyekuwa akienda dakika 5 kwa kilomita siku ya mashindano, mwendo huo sasa utakuwa karibu dakika 7 kwa kilomita, na asione haya. Klabu za jogging za mitaani zinazotoka Jumamosi na Jumapili kwa nyimbo zinamfaa mtu anayerudi kuliko kundi la wakali wanaojiandaa na marathoni. Huko atapata watu, atapata furaha, na wimbo wenyewe utamzuia asikimbie kupita kiasi.

Joto nalo lihesabiwe. Mwili uliozoea kukimbia kwenye unyevu wa pwani hutoka jasho mapema na kwa wingi, na hiyo ni sehemu ya mazoezi ambayo nayo hupotea ndani ya wiki chache za kukaa, hasa kwa anayeshinda ofisini kwenye kiyoyozi. Kuizoea tena huchukua siku kama 10 hadi 14 za kukimbia kwenye joto. Mtu aliyetoka Arusha au Nairobi kuja Dar es Salaam mwezi Januari yuko katika hali hiyo hiyo hata kama hakuacha siku moja. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, au saa kumi na mbili kasorobo, kunywa maji kabla, na usishangae saa ikionyesha mwendo mzito kuliko unavyojisikia. Joto linakula sehemu ya kasi yako hata ukiwa mzima kabisa.

Pa kukimbilia pana uzito wake. Njia ya udongo ulioshindiliwa ni nzuri kuliko zote, na uwanja wa shule wenye nyasi unafaa sana kwa wiki za mwanzo. Lami si sumu kama wengi wanavyodai, mradi raba hazijaisha soli. Ninachokiogopa zaidi ni mchanga wa ufukweni. Coco Beach pale Dar es Salaam panavutia, upepo ni mtamu, na mchanga unaonekana laini kwa miguu. Lakini mchanga mkavu unazamisha kisigino na kuivuta kano yake kila hatua, na mchanga mgumu wa karibu na maji una mteremko, kwa hiyo mguu mmoja unakimbia juu na mwingine chini kwa kilomita zote. Mkimbiaji aliyekaa miezi miwili auache mchanga mpaka mwezi wa tatu wa kurudi kwake. Kwenye barabara yenye mgongo katikati pia, akimbie kwenda na kurudi upande ule ule, ili mteremko ugawanywe sawa kwa miguu yote miwili.

Siku ambazo hakimbii azitumie kuimarisha miguu, na hapa ndipo wengi wanapopuuza kwa sababu kazi hii haina jasho la kujisifia. Simama kwenye ngazi ya nyumba, nusu ya mbele ya wayo ikiwa juu ya ngazi na kisigino hewani. Panda juu ya vidole, kisha shuka polepole, ukihesabu mpaka tatu, kisigino kipite chini ya ngazi. Fanya mara 15, pumzika, rudia hadi ziwe seti tatu. Zikiwa rahisi, fanya kwa mguu mmoja mmoja. Zoezi hili huimarisha kigimbi na kano ya kisigino, ambavyo ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa mtu anapoanza kuongeza kasi. Ongeza kuchuchumaa na kusimama, mara 12 kwa seti, na kulala chali magoti yamekunjwa ukiinua nyonga. Dakika 20, mara mbili kwa wiki, bila kifaa chochote wala ada ya jimu.

Wiki ya tatu hadi ya tano ndizo nilizozitaja mwanzoni. Hapa mkimbiaji atajisikia mzima, na hapa ndipo nampa amri badala ya ushauri: asiongeze vitu viwili kwa mpigo. Akiongeza siku ya nne ya kukimbia, muda wa kila siku ubaki ule ule. Akirefusha mbio za Jumapili kutoka dakika 30 hadi 40, siku nyingine zisiguswe. Na kila hatua akae nayo wiki mbili kabla ya kwenda nyingine. Kanuni maarufu ya kuongeza asilimia 10 kila wiki siipendi kwa mtu anayerudi. Inamfundisha kwamba kila wiki lazima kitu kipande, na mfupa unataka muda wa kukaa na mzigo ule ule mpaka uuzoee.

Ajifunze pia kutofautisha maumivu. Uchovu wa misuli huenea, huwa pande zote mbili, na hupungua mwili ukipata joto. Maumivu ya kuogopa ni yale unayoweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, yanayozidi kadiri unavyokimbia, yanayokuamsha usiku, au yanayokufanya ubadili hatua zako bila kutaka. Hayo hayakimbiwi. Simama siku hiyo hiyo, tembea mpaka nyumbani au panda bodaboda, na yakiendelea siku tatu nenda hospitali. Kisigino kinachokakamaa asubuhi kwa hatua chache kisha kinaachia ni onyo la mapema: punguza mzigo kwa nusu wiki hiyo, endelea na zoezi la ngazi taratibu, na sahau vilima.

Kuhusu kasi, kuna jambo linalowashangaza wengi. Kinachopotea haraka ni uwezo wa kuishikilia kasi kwa muda mrefu. Mkimbiaji aliyekaa miezi miwili bado anaweza kukimbia mita 100 karibu kama zamani, ila hawezi kwenda kilomita tano kwa mwendo aliouzoea. Kwa hiyo mguu mwepesi haujasahau, na si vizuri kuuacha usahau kwa kukimbia polepole tu kwa miezi. Kuanzia wiki ya tatu, mwisho wa mbio mbili za taratibu kila wiki, aongeze vipande vinne vya sekunde 15 hadi 20 kwenye njia tambarare au nyasi. Si kukimbizana kwa nguvu zote. Aanze taratibu, apandishe mpaka mwendo wa mtu anayewahi basi lakini mabega yamelegea na taya limelegea, kisha aachie. Atembee dakika nzima kabla ya kingine. Vipande hivi havichoshi, na vinaukumbusha mwili namna ya kuinua goti na kukanyaga chini ya kiuno badala ya mbele yake.

Wiki ya tano au ya sita, kama hakuna kinachouma, vilima vifupi. Sekunde nane hadi kumi za kupanda kwa nguvu, kisha kurudi chini kwa kutembea, mara nne hadi sita. Kilima kinajenga nguvu, na kwa kuwa ardhi inakuja kuupokea mguu, kishindo kinakuwa kidogo kuliko kwenye tambarare. Mteremko ndio unaovunja mapaja na magoti, kwa hiyo kushuka ni kutembea. Dar es Salaam pale Mlimani, Chuo Kikuu, pana vilima vya kutosha kabisa.

Baada ya hapo ndipo inakuja fatleki. Zoezi lenyewe lilizaliwa Uswidi miaka ya 1930, lakini limepata nyumba yake Iten, kwenye ukingo wa bonde la ufa la Kenya, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alhamisi asubuhi wakimbiaji kwa mamia hukusanyika na kukimbia pamoja kwenye barabara za udongo mwekundu, dakika kadhaa haraka, dakika kadhaa taratibu, kwa karibu saa nzima. Anayerudi hahitaji saa nzima. Dakika moja ya haraka na dakika mbili za polepole, mara sita, zinatosha kwa mara ya kwanza. Wiki inayofuata dakika moja kwa moja, mara nane. Uzuri wa fatleki kwa mtu huyu ni kwamba haina mita wala muda wa kulinganisha na rekodi yake ya zamani. Haraka ni haraka ya siku hiyo. Na kama anataka kuiga Wakenya, aige pia siku zao za taratibu, maana mabingwa wa dunia huanza mbio zao nyepesi kwa mwendo ambao mkimbiaji wa kawaida angeweza kwenda nao huku anapiga soga.

Wiki ya nane aongeze mbio za mwendo mgumu wa kuvumilika: dakika 10, pumziko la dakika mbili za kutembea, dakika 10 nyingine, kwa mwendo ambao anaweza kusema maneno matatu au manne lakini hawezi kusimulia hadithi. Zoezi hili ndilo linalorudisha kile nilichokitaja, uwezo wa kuishikilia kasi, na kama mtu ana nafasi ya zoezi moja gumu tu kwa wiki, ningemchagulia hili.

Wiki ya kumi ajipime. Kilomita tano kwenye njia aliyoipima vizuri, asubuhi yenye baridi kiasi, baada ya siku mbili nyepesi. Tuseme amemaliza kwa dakika 27, yaani 5:24 kwa kilomita. Basi mazoezi yake yote yajayo yapimwe kwa 27 hiyo. Mbio za mwendo mgumu wa kuvumilika ziwe karibu 5:45 kwa kilomita, na akikimbia vipande vya mita 1,000, mara nne au tano na pumziko la dakika tatu, viwe karibu 5:20. Dakika zake 50 za kilomita 10 za zamani aziweke kando kabisa. Mazoezi yaliyopangwa kwa rekodi ya mtu aliyekuwa mzima mwaka jana yatamchosha mtu wa leo bila kumjenga. Ajipime tena baada ya wiki nne, na abadilishe namba zake.

Wapo wanaouliza kama kasi yote hurudi. Kwa aliyekaa miezi miwili, hurudi, na mara nyingi muda wa kurudi hulingana na muda aliokaa au kuuzidi kidogo. Kwa jeraha kubwa, ni miaka. David Rudisha, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800 ya 1:40.91 aliyoiweka London mwaka 2012, aliumia goti mwaka uliofuata na kukosa mashindano ya dunia ya Moscow. Aliporejea mwaka 2014 alishindwa na watu ambao zamani walikuwa nyuma yake, na Glasgow kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola alipata fedha. Mwaka 2015 alitwaa dhahabu ya dunia Beijing, na mwaka 2016 dhahabu ya Olimpiki Rio. Hakuifikia tena 1:40.91. Alishinda bila kuifikia, na naona hilo ni jambo la kumtia mtu moyo kuliko rekodi yenyewe.

Usingizi ni sehemu ya mpango huu kama ilivyo kukimbia. Mfupa na kano hujijenga mtu akiwa amelala, na anayekimbia saa kumi na moja na nusu alfajiri baada ya kulala saa saba usiku hajajenga kitu. Siku ambayo usiku ulikuwa mbaya, fanya zoezi jepesi au lala tu.

La mwisho linahusu fomu za kujiandikisha, maana mbio za hisani na marathoni zimekuwa nyingi, na fulana ya mashindano ina mvuto wake. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mashindano. Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari, na njia yake hupanda kuelekea Mweka kwa kilomita kadhaa ambazo hazimhurumii mtu. Ukianza mazoezi Oktoba baada ya kukaa miezi miwili, nusu marathoni inawezekana, na ukiwa na msingi wa miaka utaifurahia. Ukianza Desemba, una wiki 12 hivi: nusu marathoni bado inawezekana kwa kuimaliza tu, bila kufukuza muda. Ukianza katikati ya Januari, jiandikishe kilomita 5, kimbia na familia na marafiki, na ile nusu marathoni iweke kwenye kalenda ya mwaka unaofuata.